IPv6 haijafa mkuu, iko kwenye simu za watu

Mkuu, umeuliza kwa nini tangu uko chuo mnaambiwa IPv4, zile anwani za zamani za vifaa kwenye intaneti, zimeisha, na leo uko kazini ofisi nzima bado ni 192.168, yaani IPv4 za ndani. Ukamalizia kwamba IPv6, anwani mpya za kuchukua nafasi yake, zilikuwa stori za walimu. Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao, nikujibu nilivyoyaona.

Walimu hawakudanganya. IPv4 ina anwani kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha Februari 2011. Asia ikaanza kubana mwaka huohuo, Ulaya 2012, Marekani Kaskazini ikamaliza 2015. Afrika tulikuwa wa mwisho: AFRINIC, wanaogawa anwani za bara letu kutoka Mauritius, walifika Januari 2020 ndipo wakaanza kutoa kwa kipimo, mwombaji hapati zaidi ya 1,024 kwa mkupuo. Yaani wakati wenzetu wanahaha, watoa huduma wa huku walikuwa bado wanaomba na wanapewa. Nani angehangaika?

Halafu IPv6 haiongei na IPv4 moja kwa moja. Ukihama, bado unabeba zote mbili mpaka wengine nao wahame, na mteja wako haoni tofauti yoyote ya kumfanya alipe zaidi. Kampuni nyingi zikaona bora CGNAT: wateja kibao nyuma ya IP moja ya nje.

Maumivu ya CGNAT tunayala mafundi. Mwenye duka Mwanza anataka aone kamera zake akiwa Dar. Unaingia kwenye ruta, unakuta upande wa nje imepewa anwani inayoanza na 100.80. Usipoteze muda kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje). Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni eneo lililotengwa 2012 kwa kazi ya CGNAT, maana yake mbele ya ruta yako kuna mashine ya mtoa huduma ambayo wewe huigusi. Mteja anabaki na njia mbili: alipie IP maalumu kila mwezi, au picha za duka lake zipitie seva za mtengenezaji wa kamera huko ng'ambo. Wengi wanachagua hiyo ya pili kwa sababu ni bure. Binafsi siipendi hata kidogo. Na zile tovuti zinazokutaka uthibitishe wewe si roboti kila ukifungua, mara nyingi ni kwa sababu ya watu usiowajua mnaotumia nao IP moja.

Sasa, imekufa? Google wanapima watumiaji wao wanaoingia kwa IPv6. Katikati ya mwaka 2012 walikuwa bado hawajafika asilimia 1. Siku hizi wanakaribia nusu. India, Ufaransa na Ujerumani zimevuka 60. India ilibebwa sana na Jio, kampuni ya simu iliyoanza 2016 na 4G tupu. Kwa wingi ule wa wateja, IPv4 za kuwatosha zisingepatikana popote. Apple nao mwaka huohuo wakakataa programu zisizofanya kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee.

Ila kinachokuhusu wewe ni hiki: grafu hiyo ya Google hupanda Jumamosi na Jumapili, Jumatatu inashuka. Watu wakiwa nyumbani na kwenye simu wanatumia IPv6, wakirudi maofisini wanarudi IPv4. Ofisi yenu haina tofauti na nyingine duniani.

Pesa ndiyo inaanza kusukuma. Tangu Februari 2024 Amazon wanatoza nusu senti ya dola kwa saa kwa kila IPv4 ya nje kwenye seva zao, kama dola 3.6 kwa mwezi. Ukiwa na seva moja hutajali. Ukiwa na mia utaitisha kikao.

Kwa ofisini kwenu, kwanza jua kwamba kompyuta za Windows zina IPv6 imewashwa tangu Vista. Kusema "sisi hatuitumii" si kweli, ipo ndani, na sheria zenu za fayawoli (kizuizi cha wavamizi wa mtandao) pengine zimeandikwa za IPv4 tu. Anzia hapo. Na usiogope kukosa NAT, ile ya ofisi nzima kutokea kwa anwani moja ya nje. Fayawoli inayokataa maombi kutoka nje inalinda vilevile. Muulize mtoa huduma kama anatoa /56 au /48, yaani fungu la anwani za IPv6 za kwenu, akitoa washa kwenye Wi-Fi ya wageni kwanza. Usizibe ICMPv6 yote (ujumbe wa vifaa kupeana taarifa za mtandao, ping ikiwemo) kama tulivyozoea kuzima ping: ruta za IPv6 hazikati pakiti kubwa njiani, zinatuma ujumbe wa ICMPv6 kuomba ndogo. Ukizuia huo ujumbe, ping inaweza kupita vizuri lakini kurasa zinakwama nusu.

Weka hapa modeli ya ruta yenu na aina ya kifurushi, nitakuambia pa kubonyeza.