Kabla hujafunga bampa jingine

Juni ikikaribia, gereji za Arusha hujaa Land Cruiser zinazoandaliwa kwa msimu wa watalii, na kila mwaka lazima fundi mpya aniambie: "Bosi, hii ni Kruza, inabeba chochote." Wadogo zangu, nawapenda, lakini maneno hayo yatanizeesha kabla ya wakati.

1. Soma kibati cha kiwandani. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa, ulioandikwa pale, ni wa gari pamoja na kila kitu: vyuma vyako, mafuta, dereva, wageni, hata katoni za maji. Tuseme kibati kinasema kilo 3,300 na gari tupu lina 2,300. Umebakiwa na 1,000. Bampa la chuma na winchi, 90. Keria ya paani, 50. Tangi la ziada la lita 90 likijaa dizeli, 75, bila tangi lenyewe. Friji na betri ya pili, 45. Spea ya pili, 35. Zimebaki 705. Wageni saba na dereva, kilo 80 kila mmoja, ni 640. Haya, mabegi utayaweka wapi? Na viti na paa la kufunguka bado sijavigusa.

2. Springi ngumu haziongezi uzito unaoruhusiwa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoharibu.

Mwenye gari alitaka spea mbili nyuma, kwenye mkono wa kufunguka, na madumu mawili ya dizeli pembeni. Jumla ikawa kama kilo 100. Nyuma ikakaa chini, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini, nikaongeza majani mawili ya springi kila upande. Gari likasimama kama jogoo. Nikalipiga hadi picha.

Hesabu ambayo sikuifanya ni hii. Gari lenye mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ukilining'iniza kilo 100 mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba 140 zaidi, na ya mbele inapungukiwa 40. Dereva alinipigia simu kusema usukani umekuwa mwepesi ajabu. Nikamwambia ashukuru Mungu.

Kwenye rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, za kuelekea lango la Naabi la Serengeti, zile springi hazikumeza kitu. Kila kishindo kilipanda moja kwa moja kwenye chesisi, na chesisi ikapasuka pale springi inaposhikwa, wageni wakiwa ndani. Wakaomba nafasi kwenye magari ya watu wengine. Nilipofika na jenereta na mashine ya kuchomelea, dereva, mtu mzima aliyenizidi umri, hakujibu hata shikamoo. Aliingiza kidole kwenye ufa, akanitazama. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nawaambia watu kwamba barabara mbovu ndiyo iliyovunja lile gari. Na ile spea ya pili? Haikuwa imeguswa hata mara moja.

Kwa hiyo mkiongeza springi, kumbukeni kwamba hausingi ya ekseli, beringi na breki ni zilezile za jana.

3. Tairi. Someni namba ya mzigo ubavuni: 112, kwa mfano, maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, tena likiwa na upepo wake kamili.

4. Keria ni ya vitu vyepesi. Vizito vikae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma. Kuna kijana hapa alipandisha jaki ndefu na madumu ya maji juu ya paa "ili ndani kuwe na nafasi". Nikampakia kwenye hilo hilo gari tukapande zile kona za Ngorongoro. Alirudi kimya, akayashusha mwenyewe bila kuambiwa.

5. Pima. Nendeni kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu au ya ghala la mazao, tangi likiwa limejaa. Pandisheni magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma, halafu gari zima, mwandike kwenye karatasi ya kazi kabla mwenye gari hajaanza kuwatajia anachotaka kiongezwe. Mlinzi wa mizani atataka soda. Mpeni, nitarudisha.