Maswali ya Wasomaji: Kinamasi Mwishoni mwa Njia ya Ndege

SWALI: Njia yetu ya kurukia ndege ina urefu wa mita 2,500 na upana wa mita 45. Kwenye ncha moja zimebaki mita 120 za ardhi tambarare, kisha kinaanza kinamasi. Wakaguzi wanadai eneo la usalama la ndege zinazopitiliza. Tujaze kifusi kiasi gani?

JIBU: Huenda msijaze hata lori moja. Anzeni na hesabu. Kiambatisho cha 14 cha ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kinataka mita 60 za ukanda baada ya ncha, kisha eneo la usalama lisilopungua mita 90. Kinachopendekezwa ni 240. Jumla ni mita 300, kwa hiyo mmepungukiwa na 180.

Mkijaza sehemu hiyo kwa upana wa mita 90 (mara mbili ya upana wa njia) na kina cha wastani cha mita 3, ni mita za ujazo 48,600 zikiwa zimeshindiliwa. Udongo uliochimbwa huwa umefura, hivyo tripu za lori zitazidi hapo. Kingo nazo husahaulika: mteremko wa 1:3 unakula mita 9 zaidi za kinamasi kila upande, na ndipo mkandarasi hujikuta nje ya mipaka ya kibali cha mazingira.

Kabla ya hapo, waulizeni waendeshaji wa ndege kama mita 2,320 (yaani 2,500 kutoa 180) zinawatosha. Zikitosha, punguzeni urefu uliotangazwa: ndege zinazoelekea kinamasini zihesabiwe mita 2,320 za kutua na za kusimama baada ya kuahirisha kuruka. Zinazotua kutokea kinamasini zisogezewe mstari wa kutua mita 180 ndani, ila zinazoruka kutokea upande huo zibaki na 2,500 zote. Gharama ni rangi, taa na kurekebisha chati. Lakini fanyeni hesabu hiyo kwa siku ya joto kali, ndege ikiwa na mzigo kamili. Hapo ndipo mita huadimika.

Zisipotosha, kuna kitanda cha zege jepesi linalosagika chini ya magurudumu. Kwa kawaida husanifiwa kusimamisha ndege iliyotoka njiani kwa noti 70, takriban kilomita 130 kwa saa, katika nafasi fupi kuliko mita 240. Urefu wake hutegemea ndege inayolengwa. Kina matunzo: maji yakipenya viungo, vitalu huharibika.

Kujaza kinamasi kuwe chaguo la mwisho. Wasanifu wengi hulianza kwa sababu ndilo rahisi kuchora.

SWALI: Tukijaza, tunaweza kufidia kinamasi kilichopotea kwa kuchimba bwawa pembeni ya uwanja?

JIBU: Hapana. Bwawa huita ndege wa porini, nao huingia kwenye injini. Mwongozo wa Marekani unataka vivutio hivyo viwe umbali wa futi 10,000, yaani kama kilomita 3, pale zinapotumika ndege za jeti. Fidieni mbali, ikiwezekana kwenye bonde la mto uleule. Mabwawa ya maji ya mvua ndani ya uwanja yawe yamekauka ndani ya saa 48.

SWALI: Antena ya kuongozea ndege imo ndani ya eneo hilo. Iondoke?

JIBU: Ikihamishika, ihamisheni. Isipohamishika, nguzo ziwe za kuvunjika kirahisi na msingi usitokeze juu ya ardhi. Muan, Korea Kusini, tarehe 29 Desemba 2024, ndege iligonga tuta lenye zege lililobeba antena ya aina hiyo. Walikufa watu 179.