Andika arifa kwa mtu ambaye hataifungua

Mkuu, umeuliza ufanye nini watu wasizime arifa za programu yako ya kusafirisha mizigo, na ukaweka mfano wa unazotuma: "Ombi lako limechakatwa kikamilifu. Tafadhali fungua programu kwa maelezo zaidi." Nakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu hii ndiyo kazi yangu hapa Mwanza. Naandika meseji za programu inayotumiwa na wafanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, na wale watu hawana simile.

Huo ujumbe Kiswahili chake hakina shida. Shida ni kwamba hausemi kitu. Ombi lipi? Limekubaliwa au limekataliwa? Mama anayepima dagaa, simu yake iko mezani, mikono yote imeshika gunia. Anaitupia skrini jicho mara moja, basi. Asipoelewa hapo umeshamkosa. Kwa hiyo mimi huandika kwa mtu ambaye hataifungua programu kabisa: "Magunia 12 ya dagaa yamepakiwa. Lori linaondoka Kirumba leo Jumanne saa 2 usiku." Akisoma hivyo anaendelea na mteja wake. Bosi wako atalalamika kwamba wanaobonyeza wamepungua. Mwache alalamike, mteja kapata alichotaka.

Cha maana kikae mbele, maana arifa ikiwa imekunjwa Android huonyesha mstari mmoja tu wa maelezo mpaka mtu aivute. "Habari ndugu mteja wetu mpendwa" inaumaliza wote. Mimi Msukuma, kwetu salamu haina haraka, lakini huku sisalimii mtu.

Kwenye malipo ndiko pa kutuliza akili. Muamala ukigoma, swali la kwanza la kila mtu ni: hela yangu imekatwa? Sasa wewe unamwambia "Hitilafu imetokea, jaribu tena." Anajaribu tena, kumbe yale ya kwanza yako njiani. Kalipa mara mbili, kesho asubuhi yuko mlangoni kwenu na jamaa zake. Hali ziko tatu na kila moja ina maneno yake. Kama una uhakika malipo yamekataliwa: "Malipo ya lori hayajapita. Hela yako haijakatwa. Angalia salio, kisha lipa tena." Kama kampuni ya simu haijajibu: "Malipo ya lori hayajathibitishwa bado. Usilipe tena. Tutakupa jibu leo Jumanne kabla ya saa 12 jioni." Na saa 12 ikifika umwandikie kweli, hata kama jibu ni "bado tunafuatilia". Kama hela imekatwa lakini nafasi imekwisha: "Lori la leo limejaa. Hela yako ipo, mzigo utaondoka kesho Jumatano saa 2 usiku." Chini yake weka kitufe kilichoandikwa Rudisha hela. Siyo Sawa, siyo Endelea. Kaa na waandaaji wa mfumo wakupe hizo hali tatu kabla hujaandika neno. Ukikuta mfumo unajua "imefaulu" na "imeshindwa" tu, hapo hakuna sentensi itakayokuokoa.

Saa nazo. Mfumo unatoa 09:00, mtu anaibandika hivyohivyo, "lori linaondoka saa 9:00". Mfanyabiashara anafika na mzigo wake saa 9 alasiri, lori limeshavuka Shinyanga. Hapo toa sita, iwe saa 3, na uandike asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara. Usiandike "baada ya dakika 30" wala "kesho" bila kutaja siku. Mtu akiwa visiwani Goziba au Ukerewe, simu imezima au mtandao umekata, Firebase, ile huduma ya Google ya kutuma arifa, inautunza ujumbe wako mpaka wiki 4 usipoiwekea kikomo. Akiwasha simu, dakika zako 30 zinaanza kuhesabika upya kichwani mwake. Andika siku na saa, na uweke muda wa kuisha: lori likishaondoka, arifa ya kuliwahi isimfikie mtu.

Kuna wasiotumia simu janja, na hao utawatumia SMS. Herufi 160 ndiyo SMS moja, lakini ukitia emoji hata moja zinabaki 70. Wengi hilo wanalijua. Wasichojua ni ile alama ya ritifaa iliyopinda (’) inayojiweka yenyewe ukinakili maandishi kutoka Word. Andika Nyang'hwale au ng'ombe kwa alama hiyo iliyopinda, na ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unalipiwa tatu. Tumia ile iliyonyooka.

Kuhusu kuzimwa zote kwa mpigo: tangu Android 8 ya mwaka 2017 unaweza kuzigawa arifa kwa makundi. Wewe umerundika malipo, safari za mzigo na ofa pamoja, kwa hiyo aliyechoshwa na ofa anazima na malipo. Zitenge, na majina yake yaeleweke kwa mtu wa sokoni. Akishalizima kundi, programu yako haina uwezo wa kuliwasha tena. Na kuanzia Android 13 ni lazima umwombe mtu ruhusa kwanza. Usiombe anapofungua programu mara ya kwanza. Subiri aandikishe mzigo, ndipo umuulize kama anataka kujulishwa lori likiondoka.

Kitu kimoja kinapingana na niliyosema juu: kiasi cha hela kisionekane simu ikiwa imefungwa. Simu za sokoni zinalala mezani na jirani ana macho. Kwenye kioo iandikwe "Malipo yamepokelewa", tarakimu azikute ndani.

Halafu ile nyingine uliyoweka, "Tumekukumbuka! Mbona kimya?", inayotoka saa 3 asubuhi kwa asiyesafirisha kitu wiki nzima. Ifute. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na taa, saa 3 asubuhi wamelala. Na wiki hiyo ya kimya ukiangalia juu utakuta ni mbalamwezi, mitumbwi imepumzika, hakuna cha kusafirisha. Giza likirudi atakutafuta mwenyewe.