KAT7 inahusikaje na kunakili DNA?

Umeuliza kama KAT7 ndiyo "inayonakili" DNA. Hapana, kunakili ni kazi ya polimerasi, vimeng'enya vingine kabisa. KAT7 (makala nyingi huiita HBO1, ni ileile) ni jeni iliyo kwenye kromosomu ya 17. Kimeng'enya chake hubandika vikundi vya asetili (vipande vidogo vya kikemikali) kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezizunguka. Asetili huondoa chaji chanya ya laisini, mojawapo ya asidi amino zinazounda histoni, na hapo DNA haibanwi sana.

Uhusiano na kunakili ulionekana mwaka 1999, kimeng'enya hiki kilipokutwa kikishikana na ORC1, mojawapo ya protini zinazokaa pale kunakili kunapoanzia. Baadaye ikaonekana kwamba katika awamu ya G1, kabla seli haijaanza kunakili DNA, hushirikiana na protini iitwayo CDT1: histoni H4 ya eneo hilo hupata asetili, na MCM, mashine inayofungua nyuzi mbili za DNA, hupakiwa kwa urahisi zaidi.

Vitabu vingi huishia hapo, na ndipo watu wanapopotoka. Mwaka 2011 watafiti waliiondoa jeni hii kwa panya. Viinitete vilikufa mapema tumboni, na asetili kwenye laisini ya 14 ya histoni H3 ikapungua mno, lakini DNA iliendelea kunakiliwa! Kilichoharibika ni usomaji wa jeni za ukuaji. Kwa hiyo mimi ningeiita msaidizi wa kunakili, tena katika baadhi ya seli tu, si sharti la lazima.