Barua kwa mwanangu: chagua watakaokuuliza kuhusu kazi yako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema mwaka huu una pesa ya ada ya chama kimoja tu, na huko saiti Dodoma kila mtu anakuvutia kwake: mshauri anakuambia RICS, chama cha Uingereza cha wapimaji, meneja wa mradi anasema PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, ndiyo inayolipa, na rafiki yako aliyeko Muscat, Oman, anasema matangazo ya kazi anayoyaona kule yanataka MCIOB, yaani mwanachama wa CIOB, chama cha Uingereza cha wajenzi. Umeniuliza mimi kwa sababu nimekula chumvi nyingi kwenye ukadiriaji majenzi, kazi ya kupima na kukokotoa gharama za ujenzi. Basi nisikilize, baba.

Kwanza kabisa, Bodi. Hivyo vitatu vyote ni vya hiari, lakini Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, ipo kisheria. Shahada ya Chuo Kikuu Ardhi unayo, ila hapa nchini huwezi kujiita mkadiriaji majenzi ikiwa jina lako halimo kwenye daftari lao. Jisajili kama mhitimu, ufanye mafunzo kwa vitendo chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, kisha ukakae kwenye mtihani wao. Tangu sheria za mwaka 1997 kila kundi lina bodi yake: wahandisi ERB, makandarasi CRB, sisi AQRB. Na AQRB haiishii kwa wabunifu na wakadiriaji, inasajili hata mameneja ujenzi, kwa hiyo ukihamia huko moja kwa moja bado uko nyumbani.

Najua vijana wengi wanaiona Bodi kama mahali pa kulipia ada tu. Hilo linaniuma. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Sisi wa fani siku zile tulikuwa tunaulizana jambo moja: nani alisaini nini? Ukisajiliwa, jina lako linajulikana, na mwenye jina anaweza kuitwa, akaeleza, na akikutwa na kosa akafutwa. Mwanangu asiyekubali kuitwa akaeleze kazi yake, mimi singependa ajenge nyumba ya mtu.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Unakumbuka ile slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya nne, uliyonisimulia kwenye simu? Lori la tatu la zege lilifika limechelewa, ukapima slampu, yaani ulaini wa zege, ukakuta milimita 190 wakati kwenye mkataba ni 100, ukajua dereva ameongeza maji njiani. Ukalirudisha, mafundi wakakunung'unikia, na nusu ya slabu ikabaki imesimama jua likiwaka. Chukua siku hiyo hiyo uipeleke kwa kila chama, uone watakuuliza nini.

RICS watakuuliza hela na mkataba. Gharama ya kuchelewa ni ya nani, ya mkandarasi au ya mwenye kiwanda cha zege? Notisi uliandika lini? Kwenye tathmini ya malipo ya mwezi ule uliilipa ile nusu au uliizuia? Hiki ni chama cha wapimaji, kilianzishwa London mwaka 1868, na usaili wao wa kufuzu, APC, ni dakika 60 mbele ya watu wanaoijua kazi. Unapeleka andiko la maneno 3,000 kuhusu mradi wako mwenyewe, unalieleza kwa dakika 10, kisha wanakuchimba. Ni usaili mzuri, nauheshimu sana. Ningekuwa na umri wako, mimi ningekwenda huko bila kusita.

CIOB watakuuliza jengo na watu. Zege jipya ulilikutanishaje na lile lililokwisha kukaza, ili slabu isije ikapasuka pale kwenye kiungo? Mafundi waliokuwa juu uliwapangia nini wakati wa kusubiri? Usalama wao je? Kesho yake ulibadilisha nini kwenye upokeaji wa malori? Chama hiki kilianzishwa na wajenzi wenyewe mwaka 1834, kikapata hati ya kifalme mwaka 1980, na ukiwa MCIOB unaruhusiwa kujiita meneja ujenzi mwenye hati hiyo.

PMP ni kitu kingine. Hiyo ni cheti cha PMI, taasisi ya Marekani, kwa miradi ya kila aina, iwe benki, kompyuta au barabara. Kwa mwenye shahada wanataka miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, halafu unafanya mtihani. Hawatakuuliza kamwe kuhusu lori lako. Wewe mpaka sasa umesimamia sehemu za mradi, hujauongoza, kwa hiyo hata fomu yenyewe itakusumbua kuijaza kwa ukweli. Iache kwa sasa.

Uliponipigia siku ile, ulizungumza karibu nusu saa kuhusu kiungo cha slabu na mafundi, suala la malipo ukaligusa kidogo tu. Mama yako nilisikia. Wewe BOQ, ile orodha ya vipimo na bei za kazi, unaijua, lakini moyo wako uko juu kwenye nondo. Basi nenda CIOB. Usiende RICS kwa sababu mama yako ni mkadiriaji, wala kwa sababu mshauri anakuambia ina jina kubwa. Na ukija kufikiria Muscat, MCIOB inafahamika huko.

Lakini hela ya mwaka huu ianzie Bodini. CIOB ifuate, na kabla hujalipa mwombe mwajiri wako, tena kwa barua, akulipie ada ya mwaka. Makampuni mengine hulipa, ila hawatoi bila kuombwa.

Na leo hii, si mwezi ujao, nunua daftari gumu. Andika ile siku ya zege yote kabla hujaisahau: tarehe, namba ya lori, saa lilipoingia getini, kipimo, jina la aliyeshuhudia, uliyempigia, uamuzi wako na sababu yake. Kila jioni ukurasa mmoja. Mafunzo ya Bodi yatahitaji kumbukumbu hizo, na maombi ya CIOB yanaandikwa kwa mifano ya kazi uliyoifanya wewe mwenyewe, si ya kampuni. Anayekaa kuandika baada ya miaka mitatu akitegemea kichwa chake huishia kuandika "tulifanya", na wasaili wanataka kujua wewe ulifanya nini.

Fomu za AQRB ukishazijaza nitumie picha nizipitie kabla hujazipeleka, hasa sehemu ya msimamizi wako. Hakikisha huyo bwana mwenyewe usajili wake uko hai.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako