Meza moja, kawa moja

Tulipohamia nyumba hii ya kupanga, chumba cha kulia cha mita 3 kwa 3 na nusu tulikijaza meza ya kioo ya watu wanane, kabati la vyombo vya wageni, friji na maua ya plastiki. Tukawa tunakula sebuleni, sahani tumezipakata.

Nilianza kwa kutoa. Kabati alilichukua wifi yangu, friji ikarudi jikoni, na katika sahani 24 za Idi nilibakiza 12.

Kabla ya kumwita fundi seremala, nilitandaza magazeti sakafuni kwa ukubwa wa meza niliyoitaka, sentimita 150 kwa 80, tukayazunguka siku tatu. Fanya hivyo na wewe, kwa sababu macho hudanganya ukiwa dukani. Kila mlaji anahitaji kama sentimita 60 za ukingo, na nyuma ya kiti acha 90 ili mtu avute kiti na mwingine aweze kupita. Meza yetu ni ya mninga, haina nakshi, na upande mmoja ina benchi linaloingia chini yake.

Mtindo huu wa vitu vichache wengi wanauita wa Kizungu. Mimi nimeuona kwa bibi yangu. Mkeka ulitandikwa, sinia la wali likawekwa katikati, tukanawa, tukala. Tukimaliza, mkeka ulikunjwa na chumba kikabaki kitupu. Nyumba za zamani za mawe za Lamu na Unguja zilikuwa na vyumba vyembamba, maana upana ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kuta zilipakwa chokaa, na vitu vya thamani vilikaa kwenye zidaka ndani ya ukuta wenyewe, bila kuchukua hata shubiri ya sakafu.

Lakini usitoe kila kitu. Mwanzoni nilitoa hata mapazia, na kwa sababu sakafu ni ya vigae, kila kijiko kilichoanguka kilipiga kelele chumba kizima. Nikarudisha pazia jepesi la pamba, na mkeka mmoja nikautundika ukutani.

Taa nayo niliishusha hadi sentimita 75 juu ya meza, yenye mwanga wa manjano. Ile nyeupe ya darini ilifanya hata mchuzi wa nazi uonekane umepoa.

Juu ya meza sasa kuna kawa moja ya ukindu. Msimu huu, chini yake kuna maembe.