Nyumba ya zamani Magomeni, usiangalie rangi
Kaka kwa hiyo nyumba ya zamani ya Magomeni, Dar, uliyoulizia kama uinunue, mi rangi mpya ndo kitu cha kwanza kunitia wasiwasi. Chuchumaa, kwaruza ukuta na ufunguo kama futi mbili toka chini, ukiona unga mweupe unadondoka na plasta ukigonga inasikika tupu, hiyo chumvi imepanda toka kwenye msingi na haiponi kwa rangi, utabomoa plasta upige upya na bado inaweza ikarudi. Panda darini na tochi ucheki kenchi (mbao zinazobeba bati) kama zina mchwa, waya za umeme nazo. Rudi tena siku mvua imenyesha, bonde la mto Msimbazi linalofurika si liko hapo hapo, na uwaulize wapangaji sio dalali (dalali atakwambia maji hayajawahi kufika).

Ila kubwa makaratasi. Nyumba nyingi za huko ni za urithi, anayekuuzia anaweza akawa mmoja tu kati ya ndugu saba, so dai barua ya usimamizi wa mirathi ya mahakama, kafanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, uone miaka iliyobaki kwenye hati na deni la kodi ya pango la ardhi. Advansi usitoe kabla.